Nyumba ya Umma Ikivuja, Ni Mfuko Gani Utakaotoa Fedha?

Mtu akaaye Jego, karibu na Vanga na mpaka wa Tanzania, akishikwa na homa huenda zahanati. Mtoto wake akifikia umri wa kuanza masomo humpeleka shule ya chekechea. Akiwa na shauri la shamba au akitaka barua ya utambulisho huenda kwa chifu. Nyumba hizo zote twaziita nyumba za Serikali, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba zina mwenyewe mmoja na mfuko mmoja. Sivyo. Kila nyumba ina mwenyewe wake, na ombi likipelekwa kwa asiyehusika halitapata jibu, hali mvua haingoji. Yafaa basi kila raia ajue fedha za matengenezo hutoka wapi, kwa nini mara nyingi hazitoshi, na afanye nini ili nyumba yake itiwe katika hesabu ya mwaka.

NYUMBA ZA PWANI NA ADUI ZAKE

Pwani yetu ni mahali pagumu kwa nyumba. Upepo wa bahari huchukua chumvi, na chumvi hula mabati, misumari na vyuma vilivyomo ndani ya zege. Mchwa hula mbao za kenchi. Mvua ya masika hupita penye tundu dogo la msumari ikalowesha ukuta mzima. Tena yako makosa ya mafundi. Mchanga wa ufuoni ukitiwa katika zege huingiza chumvi ndani yake, na vyuma huoza upesi. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji hufungia unyevu ndani, na baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na sehemu ya ukuta. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Gharama ya kutunza nyumba yaweza kukadiriwa mapema. Wataalamu wa Marekani, katika ripoti yao ya mwaka 1990, walishauri kwamba kwa nyumba za umma zitengwe kila mwaka fedha zilizo sawa na asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuzijenga upya. Tuseme zahanati ingegharimu shilingi 3,000,000 kuijenga upya leo. Kwa kipimo hicho yahitaji kati ya shilingi 60,000 na 120,000 kila mwaka kwa mabati, rangi, vitasa, matangi na mifereji ya maji. Fedha hizo zisipotolewa, gharama haifutiki. Huongezeka mwaka hata mwaka, mpaka siku paa linapoanguka na shilingi 3,000,000 zikatakiwa kwa mara moja.

JINSI NYUMBA ZILIVYOBADILI WENYEWE

Zamani, Mabaraza ya Wenyeji yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1924, na mwaka 1950 ikatungwa sheria ya Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 kazi zao zilifanywa na halmashauri za kaunti. Lakini tangu tarehe 1 Januari 1970 Serikali Kuu iliziondolea halmashauri hizo kazi ya elimu ya msingi, afya na barabara. Mwaka 2013, kwa amri ya Katiba ya mwaka 2010, serikali mpya za kaunti zilianza kazi, Kwale ikiwa mojawapo, nazo zikarithi mali ya halmashauri zilizokwisha.

Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa imepita katika mikono mitatu, na hati zake zisiifuate. Nyumba isiyo na hati wala namba katika daftari la mali ni vigumu kuipatia fedha, kwa maana hakuna afisa mwenye wajibu wa kuiombea.

MFUKO UPI KWA NYUMBA IPI

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Zahanati, vituo vya afya, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na masoko ni kazi ya Kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi na ofisi za machifu ni za Serikali ya Taifa.

Kwa nyumba za Serikali ya Taifa, mfuko wa maendeleo ya maeneo ya Bunge umejenga madarasa mengi na ofisi za machifu. Lakini sheria ya mwaka 2015 iliuzuia kufanya kazi za Kaunti. Tena Mahakama ya Juu mwaka 2022 iliibatilisha sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hata ile ya mwaka 2015 haipatani na Katiba. Si busara basi kuutegemea mfuko huo peke yake. Kwa upande wa afya, sheria ya mwaka 2023 yaziruhusu hospitali na zahanati za umma kubaki na mapato yao na kuyatumia kwa kazi zao wenyewe.

KWA NINI MATENGENEZO HUSAHAULIWA

Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yaitaka kila kaunti itenge si chini ya asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Nyumba mpya huhesabiwa kuwa maendeleo. Kupaka chokaa, kubadili mabati manne na kuzibua mfereji huhesabiwa katika matumizi ya kawaida, pamoja na mishahara, na mishahara hulipwa kwanza. Aidha, nyumba mpya hufunguliwa mbele ya watu, na mfereji uliozibuliwa hauna sherehe. Hivyo zahanati ya pili huweza kujengwa hali ya kwanza ingali yavuja. Wananchi nao wana sehemu yao katika jambo hili, maana mikutanoni mara nyingi huomba nyumba mpya, na ni wachache waombao matengenezo ya ile waliyo nayo.

MIEZI YA KUKUMBUKA

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini anayengoja Julai amechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka ufuatao hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha hufuata mwisho wa Februari, na makadirio kabla ya tarehe 30 Aprili. Sheria yataka wananchi washirikishwe. Wakati huo ndipo yapasa kamati ya zahanati au ya chekechea ifike na orodha iliyoandikwa: paa lina mabati mangapi mabovu, fundi amekadiria kiasi gani, na nyumba ina namba gani katika daftari. Ikiwa mwenye nyumba hajulikani, sheria ya mwaka 2016 yampa raia haki ya kuuliza ofisi ya umma, na jibu latakiwa katika siku 21.

MFANO WA GAZI

Wenyeji nao waweza kuongeza chao. Huko Gazi na Makongeni, katika Msambweni, mradi wa Mikoko Pamoja umelinda hekta 117 za mikoko. Tangu mwaka 2013 umekuwa ukiuza kwa wanunuzi wa ng'ambo haki ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato yametumiwa kwa maji na kwa shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu, majirani wa Jego, wamefuata nyayo hizo. Hata pasipo mikoko, msaragambo wa siku moja kabla ya masika watosha kuzibua mifereji, kufyeka majani ukutani na kuharibu njia za mchwa. Kazi ya kenchi na umeme iachiwe mafundi.

Msaada huo usiwe sababu ya Kaunti kusahau wajibu wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kila kamati na iikague nyumba yake, iandike ufa ulioko, na ipeleke orodha hiyo kwa msimamizi wa wadi kabla Septemba haijafika.