Wafanyakazi wa Disko Walipwe Haki Yao

Wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa wapatapo malipo, harusi huongezeka, na wenye vyombo vya muziki vya kukodishwa hutafutwa kila upande. Mwenye seti moja hununua ya pili. Hapo hulazimika kuajiri dijei, fundi, dereva na wabeba spika. Tunaipongeza jitihada hiyo, kwani inawapatia vijana wetu kazi.

Lakini kumkesha kijana hadi alfajiri, kisha kumlipa sahani ya wali na ahadi, ni unyonyaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaagiza ujira wa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi uongezwe kwa asilimia 5 au zaidi. Hiyo ni haki, wala si hisani, Kayanga na Nkwenda, sawasawa na kwa ndugu zetu wa visiwa vya Goziba na Bumbire.

Wenye vyombo waandikiane mikataba na wafanyakazi wao. Maafisa kazi nao wasingoje malalamiko. Watembelee na kuelimisha. Amdhulumuye fundi mzoefu leo, kesho atamkabidhi mitambo asiyeijua, na hasara itakuwa yake.