Kumbe hata msitu unatengeneza chotara! Kisa cha okidi ya Ufilipino

Ukisema chotara wengi wetu tunawaza mahindi ya mbegu za dukani au ng'ombe wa maziwa, yaani kazi ya binadamu. Sasa cheki hii.

Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, kuna okidi inaitwa Phalaenopsis intermedia. (Vanila ya Uganda na Zanzibar nayo ni okidi, kama ulikuwa hujui.) Haioti ardhini, inajishika kwenye matawi na mizizi yake inakunywa mvua. Ila sio kupe, haiufyonzi mti hata kidogo.

Mwaka 1853 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, John Lindley, alisema hii lazima ni mtoto wa okidi mbili: moja ya maua makubwa meupe, leo inaitwa aphrodite, na nyingine ya maua madogo ya pinki, equestris. Mtoto yuko katikati kabisa. DNA hakuna, jamaa anatumia macho tu! Sasa nani atathibitisha? John Seden, mtunza bustani wa kampuni ya Veitch, akachanganya hizo mbili kwa mkono. Mwaka 1886 mche wake ukatoa maua, yakafanana na ya kule msituni. Miaka 33 baadaye Lindley akaonekana alikuwa sahihi, na mwenyewe alishafariki tangu 1865.

Msituni mkono wa Seden ni mdudu. Chavua ya okidi haipeperuki kama ya mahindi. Iko kwenye vidonge vinavyonata, vinamganda mdudu mwilini, akikosea akatua kwenye ua la jamii nyingine, basi tena, mimba ya chotara hiyo. Halafu mbegu zenyewe ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula. Bila kuvu ya kuzilisha hazioti.

Kwa hiyo chotara huyu anataka baba na mama wawe msitu mmoja, wachanue kipindi kimoja, mdudu awepo na kuvu iwepo. Kata miti, au beba mzazi mmoja ukauze, na watoto wapya hakuna. Ndio maana okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES tangu 1975, za porini hazivuki mpaka bila kibali. Zile za kwenye vyungu madukani nyingi zinazalishwa kwenye mabanda ya vioo Uholanzi na Taiwan, na hizo karibu zote ni chotara wa mikono ya watu.