Kabla ya kununua toga

Mdogo wangu mmoja wa fakilte amemaliza sheria mwaka huu. Siku mbili kisha kuona matokeo akaniuliza: «Yaya, toga ni bei gani?» Nikamjibu: «Nieleze kwanza patro wako ni nani.» Akanyamaza. Njo maana naandika haya, juu yake na juu ya wote ambao wanafikiri diploma ya sheria inamfanya mtu kuwa avoka.

Ndugu zangu, diploma inakufikisha mlangoni tu. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, ile inayopanga baro inchini kwetu, inataka upitie staji ya miaka miwili mbele ya kuandikwa ku tablo, ni kusema orodha ya maavoka kamili. Unaanza kwa kumwandikia Batonie, mkubwa wa baro. Ku ile barua unaweka diploma, karatasi za kuonyesha wewe ni Mkongomani na mtu wa mwenendo mzuri, na barua ya avoka wa tablo anayekubali kukuongoza. Baraza la Oda njo linaamua. Likikubali, unaenda kula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufaa. Pale unaapa, kati ya mengine, kwamba hautatetea jambo ambalo dhamiri yako haioni kuwa la haki. Kuko pia makuta ya kulipa. Uliza ku sekretaria ya baro yako mapema, usisikilize bei za barabarani.

Katika karatasi zote hizo, moja tu ni ngumu kupata: barua ya patro. Wengi wetu tunakimbilia kabine yenye jina kubwa. Mimi nasema uliza mambo matatu kwanza. Je, mastajiere wako wangapi pale? Wakiwa kumi na tano, utabeba sakoshi tu. Je, patro anasoma maandishi yako na kuyakosoa? Na je, transpo inatoka wapi? Usione haya kuuliza hili la mwisho. Mimi sina mshahara wa mwezi. Patro wangu ananipa transpo, na mteja akilipa dosie niliyoitumikia, ananikatia kidogo. Kuko wenzangu wasiopewa kitu, wanatembea kwa miguu mpaka ku tribinali, na saa sita wanakunywa maji. Kama nyumbani hakuna mtu wa kukusaidia hata miezi ya kwanza, ongea na familia mbele ya kuanza. Biashara haipatani na kazi yetu, basi usihesabu kwamba utafungua butiki pembeni.

Sasa, kazi yenyewe ni nini? Fakilte ilitufundisha nadharia kwa Kifaransa kizuri. Staji inafundisha tarehe, na namna ya kuongea na mama aliyekaa mbele yako. Niliyajifunza yote mawili siku moja, na haikuwa siku nzuri.

Mama mmoja mjane wa Katuba alishindwa ku tribinali ya gransenstansi katika kesi ya parsele yake. Alileta ile karatasi ya hukumu ku kabine, ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia. Nilijua kwamba katika kesi ya madai mtu ana siku 30 za kuomba rufaa. Nikafungua ajenda, nikahesabu siku 30 toka siku ile mama aliyokuja, nikaandika tarehe kwa bic nyekundu. Nikajiona avoka kabisa.

Siku kumi kisha, mama sekretere wetu, ambaye hakusoma sheria hata siku moja, alikuwa anapanga dosie. Akaniita: «Maître, hii tarehe umeitoa wapi?» Akageuza karatasi. Nyuma yake wisie alikuwa ameandika kwa mkono siku aliyoifikisha nyumbani, na jina la kijana wa mama aliyeipokea. Ilikuwa siku kumi na saba kabla ya mama kuja kwetu. Siku zinahesabiwa toka pale, si toka siku dosie inapofika ku kabine. Kumi na saba na kumi: zilibaki siku tatu, na moja ilikuwa Siku ya Mungu.

Nilisikia miguu ikilegea. Patro hakupiga kelele. Alinituma saa ileile kwa karani wa Mahakama ya Rufaa kufanya deklarasio, na ikapokelewa. Kisha akasema: «Sasa uende kwa yule mama. Umweleze wewe mwenyewe.»

Nilienda. Mama alikuwa anasonga bukari. Nikamweleza yote, na kosa langu pia. Akauliza: «Na kama siku zingepita, parsele ingeenda?» Nikamjibu ndiyo. Akakaa kimya, halafu akasema: «Mwanangu, mimi nilifikiri karatasi inangojea. Hakuna mtu aliniambia kwamba inahesabu.»

Alikuwa na haki. Tangu kesi ilipoanza nilimwona mara nne, na hata mara moja sikumweleza hilo kwa Kiswahili. Leo, mteja akiingia, jambo la kwanza namwambia: karatasi yoyote ya tribinali ikifika nyumbani, uilete siku ileile, hata kama imepokelewa na mtoto. Katika kesi ya jinai namwambia kwa nguvu zaidi, sababu pale siku za rufaa ni 10 tu. Na kila karatasi naigeuza nyuma mbele ya kuandika kitu mu ajenda.

Basi, mdogo wangu, toga itanunuliwa. Hata ya kuazima inatosha siku ya kiapo. Tafuta kwanza patro ambaye siku ukikosea atakutuma kurekebisha, halafu atakutuma kusema ukweli kwa mwenye kesi. Nunua pia ajenda. Na umsalimie sekretere kila asubuhi.

Kesi ya mama bado iko mbele ya Mahakama ya Rufaa. Sijui kama atashinda. Lakini kuko majaji watakaomsikiliza.