MASHINE INAZUNGUKA, HATARI IPO

Ndugu wafanyakazi, katika maduka na maghala ya Kikuubo, Kampala, umeme wa mtandao ukikatika jenereta huwashwa. Jenereta ya fezi tatu ikifungwa bila nyutro kuunganishwa na ardhi, fezi moja inaweza kugusa bodi ya mashine, fyuzi isikatike, na mota ikaendelea kuzunguka. Tajiri hufurahi, sisi mafundi hatufurahi. Kila fezi iliyobaki sasa ina volti 415 kati yake na ardhi, badala ya 240. Hitilafu ya pili, katika fezi nyingine, ni shoti kubwa: moto au kifo.

Njia ya kuitambua ni ya zamani, nayo ni taa. Kila fezi ifungiwe balbu mbili za volti 240, za wati sawa, kwa mfululizo hadi ardhini. Zote zikiwaka sawa kwa mwanga hafifu, hali ni njema. Za fezi moja zikizimika na nyingine zikang'aa, fezi iliyozimika ndiyo yenye hitilafu. Tuzime laini moja moja. Taa zikirudi kuwa sawa, ugonjwa uko katika laini hiyo. Tuikate, tufunge swichi kwa kufuli, ndipo tupime kwa mega.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Basi tunadai taa hizo ziwekwe, na fundi akisema simama, mashine isimame. Biashara ya siku moja hurudi. Roho ya fundi hairudi.