Gofu ya kisahani haihitaji fimbo wala zulia la nyasi

WAKAZI wa Kikambala, Kaunti ya Kilifi, wanaifahamu gofu kupitia uwanja jirani wa Vipingo Ridge, ambako Mjerumani Esther Henseleit alitwaa taji la Magical Kenya Ladies Open mwaka 2019.

Ipo gofu nyingine isiyotumia fimbo wala mpira. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu. Minyororo inayoning'inia juu yake hukizuia kisahani, kikadondoka ndani. Kila mtupo huanzia kilipoangukia, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi.

Uwanja wa kwanza wa kudumu ulianzishwa mwaka 1975 katika bustani ya umma ya Oak Grove, California, Marekani. Miti iliyopo ndiyo vikwazo, hivyo hakuna haja ya kuifyeka. Kinachohitajika ni ardhi ya umma. Ikinyakuliwa, mchezo nao umekwisha.