Bhalo hakuiba wimbo wa mtu



Mwezi uliopita nilialikwa harusi Majengo, Pumwani, hapa Nairobi. Watu walipokwisha kula pilau, na vijana wa spika wamekwenda kupumzika, mzee mmoja alitoa kanda ya kaseti mfukoni mwa kanzu yake akaomba ipigwe. Redio ya kaseti ilisakwa mpaka nyumba ya tatu. Ilipopatikana, sauti ya Mohamed Juma Bhalo ikajaa ua mzima na wazee wakanyamaza kimya. Nyuma yangu kijana mmoja akacheka: "Hii si ngoma ya filamu ya Kihindi? Huyu buda alikopi tu."

Hakuna aliyemjibu. Kanda ilipokwisha, mzee akaitia mfukoni akaondoka. Neno lile limenikaa kifuani kwa sababu kijana hakusema uongo. Mahadhi yale kweli yalitoka kwenye filamu. Hukumu yake ndiyo siyo, na kwa kuwa jioni ile nami nilinyamaza kama wengine, leo namjibu.

Tuanze na asili. Pwani yetu inazo taarab za namna nyingi. Iko ya kufuata Waarabu, ambayo bingwa wake upande wa Kenya alikuwa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na fundi wa udi, aliyefariki mwaka 2016. Na iko inayoitwa taarab ya Kihindi, ambayo jina lake kubwa ni Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Hii huimbwa kwa kinanda cha harmonia, tabla na tashkota. Hicho chombo cha mwisho kina nyuzi na vibonyezo, na asili yake ni Japani.

Ya Kihindi haikuanguka kutoka mbinguni. Pepo za msimu zimewaleta Wahindi na majahazi yao pwani kwa karne nyingi. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafirishwa hadi Bombay kurekodi santuri. Mombasa, duka la Assanand lilitoa santuri za taarab kwa nembo ya Mzuri. Kisha zikaja sinema. Mtoto wa Mji wa Kale alikuwa akitoka kutazama filamu ya Kihindi na wimbo wote u kichwani, ingawa maneno hakuyajua maana.

Sasa Bhalo alifanya nini? Alichukua mahadhi akayavisha mashairi ya Kiswahili. Mengi yalitungwa na ndugu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971. Anayedhani ni kazi rahisi na ajaribu. Mshororo wa shairi letu una mizani 16, nane huku na nane kule, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Mahadhi ya filamu yalitengenezwa kwa maneno ya lugha nyingine, yenye pumzi zake. Mwimbaji lazima ajue pa kuvuta silabi, pa kuikata, na namna ya kukifikisha kina mahali pake bila kuvunja wimbo wala shairi. Akikosea, utasikia maneno yanakimbizana kama abiria wa matatu.

Wala watunzi wa Kihindi na Kiurdu si wageni kabisa kwetu. Beti la ghazali yao wao huliita sher, sisi twasema shairi, na maneno yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Ghazali nayo ina kina kinachorudi, kama chetu. Bhalo alikuwa akiingia nyumba ya jirani ambaye babu zao walijuana.

Lililonifungua macho zaidi lilinipata hapa hapa Nairobi. Mwenzangu mmoja kazini ni Mtamil, na mwaka jana alinialika kwenye tamasha dogo la muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa jadi wa India ya kusini. Nitahadharishe: huo si muziki wa filamu. Watu walivua viatu wakaketi chini. Mwimbaji alikuwa mwanamke mmoja, pembeni yake fidla na ngoma ya pande mbili iitwayo mridangam. Nilimuuliza mwenzangu wimbo ule ni wa nani. Akaniambia mtunzi ni Tyagaraja, aliyefariki mwaka 1847.

Nikashangaa. Ukumbi mzima uliujua wimbo, kila mmoja alikwisha kuusikia mara mia, na bado walikuja. "Hatukuja kusikia wimbo mpya," akanieleza. "Tumekuja kusikia huyu ataufanya nini." Mwimbaji alikuwa akichukua mstari mmoja na kuurudia, kila mara kwa njia nyingine, na wasikilizaji wakitikisa vichwa palipowagusa. Mkono wa mwenzangu ulikuwa pajani ukihesabu mapigo manane: kofi moja, vidole vitatu, kisha kofi na kugeuza kiganja mara mbili. Mimi nikawa nahesabu mizani za shairi, nane, nikacheka peke yangu.

Njiani wakati wa kurudi alinisimulia habari za M. S. Subbulakshmi, aliyeimba Umoja wa Mataifa mwaka 1966 na kufariki mwaka 2004. Alimtaja kama mtu amtajavyo nyanya yake. Hakuna aliyewahi kumwambia mama yule kwamba alikopi nyimbo za watu waliokufa zamani. Walimpenda kwa alichokifanya ndani ya nyimbo hizo. Basi nikajiuliza, mbona wetu tunampimia kwa kibaba kingine?

Kwa hiyo, kijana wangu wa Majengo, ukipata kanda ya Bhalo isikilize hivi. Kwanza, sahau filamu. Pili, shika kina cha ubeti wa kwanza ukifuate, maana ndipo utakapoona mtunzi amefunga fundo wapi. Tatu, jiulize anaambiwa nani. Nyimbo hizi ni mafumbo na nasaha, na mara nyingi kulikuwa na mtu ukumbini aliyejua kwamba mshale ni wake. Nne, sikiliza watu. Kwenye kanda za harusini utasikia ukumbi ukilipuka ghafla baada ya mshororo fulani. Hapo mtu ameinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, si kwa uzuri wa sauti peke yake, bali kwa neno lililomgonga. Msikilizaji wa taarab ni hakimu, na noti ile ndiyo hukumu yake.

Najua wapo watakaoniambia, "Ustadh, muziki na dini vipi?" Wanazuoni wamelijadili hili zamani na sina elimu ya kukata shauri lao. Bhalo mwenyewe aliacha kuimba mwaka 2007, na uamuzi wake tunauheshimu. Nisemalo mimi ni dogo: ndani ya kanda zile mna mashairi ya nasaha, subira na utu, na lugha ambayo watoto wetu wanaipoteza. Kuyahifadhi maneno hayo sioni ubaya wake.

Na yanapotea. Majengo si mtaa wa juzi. Pumwani ilianzishwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, na Waislamu wengi wasemao Kiswahili wakahamia huko kutoka vijiji vya zamani vya Nairobi. Pangani ya kale ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengine wakapelekwa Shauri Moyo. Walijenga zile nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati, kama za kwetu. Shangazi yangu aliishi katika moja wapo, nami nilikaa kwake nilipokuja Nairobi kusomea diploma. Kila mgeni wa Mombasa aliyeshuka basi la usiku alimletea halua na kanda kutoka Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale. Alikuwa na kasha zima chini ya kitanda.

Shangazi alipofariki tulishughulika na matanga, na kasha likasahauliwa. Nilipolikumbuka, mvua ilikuwa imepita paa. Kanda nyingi zilikuwa na ukungu, zimegandana. Mojawapo ilikuwa ya harusi yake mwenyewe. Hilo sikumlaumu mtu ila nafsi yangu.

Basi nakuomba wewe mwenye kasha jingine, uwe Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni au Eastleigh: lifungue wiki hii. Kanda zikae pakavu, mbali na jua na spika zenye sumaku. Zungusha kwa kalamu kwanza uone kama zimegandana, usizitie redioni kwa pupa. Kisha unganisha waya kutoka tundu la kusikilizia la redio hadi kompyuta, uzihamishe, na nakala moja uiweke kwa ndugu mwingine. Juu ya kila moja andika mwimbaji, mtunzi, harusi ya nani na mwaka, na uyaulize hayo wazee wangali hai. Ikiwa kanda ina sauti za kina mama, waombe ruhusa wenyewe au watoto wao kabla ya kuitoa nje. Sitara ni jambo la kwetu pia.

Na yule mzee wa kanzu nimemtafuta. Nimeambiwa husali Msikiti wa Riyadha. Ijumaa hii, inshallah, nitamngoja mlangoni na kompyuta yangu mkobani, na kijana yule nimekwisha kumwambia tuje sote.