Seli Shina na Ini Lililoshindwa Ghafla

Ini la mtu mwenye afya linaweza kushindwa kufanya kazi ndani ya siku chache tu. Mgonjwa huanza kwa uchovu na kichefuchefu, macho yakawa ya manjano, kisha akili ikavurugika: hulala mchana, hukesha usiku, hujibu ovyo, na mwishowe hupoteza fahamu. Damu hukawia kuganda, kwani protini za kuigandisha hutengenezwa na ini. Nchini Uingereza na Marekani chanzo kikuu ni parasetamoli iliyomezwa kupita kiasi. Katika sehemu nyingi za Asia na Afrika ni virusi vya homa ya ini.

Hali ikizidi, tiba inayobaki ni kupandikizwa ini jingine. Lakini maini ya kupandikiza ni haba, na mgonjwa wa aina hii hana muda wa kusubiri. Hata hivyo, ini hujijenga upya likipata nafasi. Ndiyo maana watafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, wanalenga kumvusha mgonjwa katika siku hizo za hatari.

Seli zilizojaribiwa zaidi kwa wagonjwa ni za mesenkaima, zinazopatikana kwenye uboho, mafuta ya mwili na kitovu cha mtoto mchanga. Huingizwa mwilini kwa dripu. Ni chache zinazogeuka kuwa seli za ini; msaada wao mkubwa ni kutoa kemikali zinazotuliza mashambulizi ya kinga ya mwili. Mwaka 2017, watafiti wa Guangzhou, China, walichapisha matokeo ya wagonjwa 110 wa homa ya ini B ya muda mrefu ambao hali yao ilizorota ghafla. Baada ya wiki 24, asilimia 73.2 ya waliopewa seli walikuwa hai, dhidi ya asilimia 55.6 ya wenzao ambao hawakupewa. Hata hivyo, hao walikuwa na ugonjwa wa ini tangu awali, hivyo matokeo hayo hayawahusu moja kwa moja walioshambuliwa wakiwa wazima.

Hospitali ya King's College, London, ilifuata njia nyingine. Seli za ini kutoka kwa wafadhili zilifungwa ndani ya vipunje vya jeli ya mwani, vikawekwa tumboni mwa watoto 8. Jeli hupitisha virutubisho na protini, lakini huzuia seli za kinga zisizifikie seli hizo ngeni. Watoto 4 walipona bila kupandikizwa ini. 3 walifika salama kwenye upandikizaji.

Seli za wafadhili nazo ni adimu. Ugunduzi wa Shinya Yamanaka wa Kyoto mwaka 2006, wa kuirudisha seli iliyokomaa katika hali ya seli shina, umefungua njia ya kuzalisha seli za ini maabarani. Bado seli hizo hazijakomaa kama za ini halisi, na zinazobaki changa zinaweza kuota uvimbe. Kwa sasa tiba hii ya seli ni ya majaribio. Wagonjwa hutegemea uangalizi wa wodi ya mahututi, dawa ya kupambana na sumu ya parasetamoli, na upandikizaji.